Fungu la Saba Mtondooni

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, maji yamekwisha kuanza kupwa ufukweni Kilwa Masoko. Monika Nangomwa anakagua vitu vyake kwa utaratibu ule ule wa kila safari: boksi dogo la barafu, vikopo sita vya makohozi, vidonge ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, lita tatu za maji, mihogo ya kuchemsha na galoni iliyokatwa ya kukumbia, yaani kutolea nje, maji yanayoingia chomboni.

Chombo chake ni kayaki ya plastiki, ya njano, yenye nafasi ya mtu mmoja. Wavuvi wanaiita Ndizi. Nyuma, karibu na mkia, ina ufa wa urefu wa kiganja uliozibwa kwa plastiki ya beseni iliyoyeyushwa. Kiraka kimeanza kuachia tangu mwezi wa Ramadhani.

"Monika!" anaita Batuli, mchuuzi wa samaki anayepanga karai zake jirani. "Leo ukizama, ile sufuria yangu nimdai nani?"

"Mdai Eusebio. Naye akudai maharage uliyoyala humo."

Batuli anacheka, anashika mkia wa kayaki na kusukuma. Eusebio ni mume wa Monika, fundi uashi, ambaye kwa miaka kumi na minne ya kuishi Masoko hajawahi kuingia baharini kupita magoti.

Safari ya leo ina jambo moja. Kilomita kumi na saba kusini, katika kisiwa kidogo kisicho na wenyeji ambacho wavuvi hukiita Mtondooni, mvuvi wa pweza mwenye umri wa miaka 29, Mudathiri, jana alimeza dozi yake ya mwisho ya kifua kikuu, dozi ya 168. Monika anakwenda kuchukua makohozi yake. Yakiwa safi, Mudathiri amepona. Vimelea vikionekana, ataanza upya, na safari hii huenda kwa dawa kali zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Swali hilo lisingekuwa zito kiasi hicho kama dozi zote zingemezwa kwa mfululizo. Hazikumezwa hivyo. Katikati kuna pengo la siku ishirini na tatu, na Monika anajilaumu kwa sehemu ya pengo hilo.

Monika ana miaka 38. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na posho yake ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kazi yake ni kuwafuata wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawafiki kituoni: vijiji vitatu vya visiwani na madago manne. Dago ni kambi ya wavuvi, vibanda vya makuti na turubai katika kisiwa kitupu, wanamokaa wanaume kwa wiki kadhaa karibu na mwamba wenye mali. Kwa sasa ana wagonjwa kumi na mmoja.

Alizaliwa uwanda wa juu wa Wamakonde, Newala, ambako visima ni haba. Akiwa mtoto aliteremka bonde kila siku kuteka maji na kupanda nayo kichwani.

"Nimekulia mahali ambapo maji ni kitu cha kubebwa," anasema. "Kukaa juu yake, yenyewe yanibebe mimi, hilo lilinichukua mwaka mzima kulikubali."

Kaka yake, Valentini, aliugua kifua kikuu mwaka 2010. Mwezi wa tatu alipata nafuu, akaacha dawa, akaenda kuokota korosho. Alizikwa mwaka uliofuata. Monika hulieleza jambo hili mara moja tu, kwa sentensi hizo hizo, kisha huendelea na jingine.

Alipoanza kazi ya visiwani, miaka miwili iliyopita, alitegemea kupakiwa na boti za samaki. Boti ilikwenda inakotaka yenyewe. Aliwahi kushushwa Songo Mnara asubuhi na kukaa hapo siku mbili akisubiri chombo cha kumfikisha dago lililokuwa likionekana kwa macho.

Kayaki aliiona uani kwenye nyumba moja ya wageni hapo Masoko. Mtafiti mmoja wa matumbawe aliiacha alipomaliza kazi yake, na mwenye nyumba alikuwa akiitumia kunyweshea mbuzi. Monika aliiomba. Mwenye nyumba aliuliza mara mbili kama anajua kuogelea.

"Nilimwambia sijui. Akanipa, lakini akaniandikisha karatasi kwamba hakunishauri."

Kuogelea alifundishwa na wanawake wanaolima mwani, ndani ya maji ya kiunoni, akiwa amevaa jaketi la kujiokolea ambalo hadi leo halivui. Kupiga kafi alijifunza mwenyewe. Mwezi wa kwanza alipinduka mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye mlango wa mkondo kati ya visiwa, na alielea kwa dakika arobaini akiwa ameshika mkia wa kayaki, mpaka maji yakamsogeza kwenye mchanga.

Tangu siku hiyo ana kanuni: mlango ule anauvuka kabla ya saa kumi jioni au hauvuki kabisa. Na akiingia mkondoni anahesabu makafi kwa Kimakonde, kutoka moja hadi mia, kisha anaanza tena.

"Kwa Kiswahili nahesabu haraka mno. Kwa Kimakonde natulia."

Asubuhi hii anahesabu mia saba. Maji yanayopwa yanamvuta kuelekea nje, na kila baada ya nusu saa anaweka kafi magotini, anakumba maji ya ufa kwa galoni, anaendelea.

Kosa lake la kwanza katika kazi hii lilikuwa la kalenda. Kadi za wagonjwa ziliandikwa tarehe za kila baada ya siku ishirini na nane, kama zilivyoandikwa za watu wa mjini. Safari tatu za mwanzo alifika madagoni akakuta majivu.

Wavuvi wa pweza hawafuati tarehe. Wanafuata bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati maji yanapopwa sana na mwamba kukauka. Bamvua likiisha, maji yanakuwa mafu, mwamba haukauki tena vizuri. Basi hufunga ngonda zao, yaani pweza waliokaushwa, na kushuka Lindi kuuza. Tarehe za Monika zilikuwa zikiangukia kwenye maji mafu.

"Nilikuwa nawaandika watoro," anasema. "Kumbe mtoro nilikuwa mimi."

Akafuta tarehe kwenye daftari lake, akaandika bamvua. Wakati huo hakuna mgonjwa wa dago aliyekuwa akimaliza dozi. Tangu hapo wamekwishamaliza tisa.

Saa nne na dakika tano Mtondooni inaonekana yote: mchanga, miti kumi au kumi na miwili, vibanda vitatu. Mwamba umekauka hadi mbali. Wanaume sita wametawanyika juu yake, migongo imeinama, kila mmoja na chuma chake cha kuchokolea mashimo. Wa kwanza kunyoosha mgongo ni nahodha Rashidi, mzee wa miaka sitini na kitu, mkuu wa dago.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Mmakonde juu ya maji! Kila nikikuona nasema leo nitamwona pweza juu ya mnazi."

"Utamwona, na utashindwa kumpandia."

Kijana mmoja kati yao, Sadick, anaangua kicheko mpaka pweza wake anamponyoka mkononi. Mudathiri yuko mbali zaidi, ukingoni. Anamwona Monika, anainua chuma juu mara moja, kisha anarudi shimoni. Pweza hasubiri mgeni.

Mudathiri, ambaye ameridhia jina lake liandikwe, aligundulika Masoko mapema mwaka huu akiwa na kilo 46. Miezi miwili ya kwanza alikaa nyumbani kwa mama yake akimeza dawa. Alipopata nguvu alirudi dago. Monika hakumzuia. Alimpa dozi ya siku ishirini na nane kwa mkupuo, vidonge 84, vitatu kwa kila siku, akamwambia ataonana naye baada ya bamvua mbili. Mwezi wa kwanza wa dago ulikwenda sawa. Wa pili, aliporudi kuhesabu, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kisima kipya.

"Mbona mmechimba kingine?" aliuliza siku hiyo.

"Kile cha zamani kimeharibika," nahodha Rashidi alimjibu. "Siku tano nzima tulikojoa rangi ya mchuzi wa embe."

"Nani?"

"Sote. Watu sita. Huyu Hussen alidhani karogwa, akaacha na pweza kula."

Wanaume walicheka. Monika hakucheka. Moja ya dawa za kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na katika kisiwa kile ni mtu mmoja tu aliyepaswa kuitumia.

"Mudathiri, vidonge viko wapi?"

"Vimekwisha, dada."

"Vimekwisha vipi?"

"Vizuri tu. Kila mtu alipata kumi na vinne."

Alijibu, anakumbuka Monika, kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu wake bila kumdhulumu mtu.

Na kwa sheria ya dago, alikuwa ametimiza. Katika kambi hizi kinachofika kisiwani ni cha wote: unga, sukari, tumbaku, hata sabuni. Chungu ni kimoja. Anayekula kwa kujificha anaweza kurudishwa pwani na asichukuliwe tena na nahodha yeyote. Kufikia mwezi wa pili wote sita walikuwa wakikohoa, wengine kwa moshi wa kukaushia samaki, na mmoja wao alikuwa na vidonge vya kikohozi vilivyomwondoa kitandani.

"Ningevimezaje peke yangu?" Mudathiri anauliza leo, akiwa amekaa juu ya ubao wa mashua. "Nakohoa, ananitazama mtu naye anakohoa. Mimi nipone, yeye je? Ningewatazama vipi machoni?"

Vidonge 84 kwa watu sita vilitosha kwa kila mmoja karibu siku tano. Baada ya hapo Mudathiri alikaa siku ishirini na tatu bila dawa. Dozi inayokatika haimponyi mgonjwa, na inawapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa.

Monika alieleza hayo kwa karibu saa nzima. Alichora mchangani. Alitaja watu waliokufa. Wale wanaume walimsikiliza kwa adabu, na mwisho nahodha Rashidi akasema: "Tumekusikia, mwanangu. Ila mimi siwezi kumwamuru mtu ale mbele ya wenzake, wao wamkodolee macho. Dago litavunjika."

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Wavuvi wakaanza kugawa pweza wa siku ile, na Monika, ambaye hakuwa amewahi kusubiri mpaka wakati huo, akatazama.

Pweza walipangwa mafungu. Hussen aligeuka akawapa wenzake mgongo, asiyaone. Sadick akawa anagusa fungu moja moja kwa fimbo, na Hussen akitaja mwenyewe bila kuona.

"Hili la nani?"

"La Mudathiri."

"Hili?"

"La nahodha."

"Na hili?"

"La chombo."

Monika alihesabu mafungu saba kwa watu sita. Akauliza hilo la saba linaliwa na nani.

"Haliliwi," nahodha alimwambia. "Hilo la mashua. Ndiyo misumari yake, kalafati yake ya kuzibia nyufa, tanga lake. Ukilila fungu la chombo, kesho unaogelea."

"Na mtu akiwa na njaa?"

"Akiwa na njaa anaomba kwa mwenzake. La chombo haligusi."

Monika alisimama, akatoa mfuko wa vidonge alivyokuja navyo, akauweka juu ya fungu la saba.

"Basi na hivi ni vya chombo," alisema. "Kifua cha huyu kimepasuka. Hii ndiyo kalafati yake."

Kisha nahodha aliuchukua mfuko, akaenda nao hadi kwenye mashua, akautia ndani ya kopo la bati linalotunza misumari na fedha za chombo. Kopo hilo, pale Mtondooni, hakuna mkono mwingine unaoligusa.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri baada ya swala, nahodha Rashidi amekuwa akitoa vidonge vitatu, kumpa Mudathiri, kumtazama akimeza, na kuchora mstari mmoja wa mkaa kwenye ubao wa ndani wa mashua. Monika naye aliacha kugawa dozi ya mwezi. Sasa anakuja kila bamvua, yaani kila baada ya siku kumi na tano hivi, na analeta za bamvua moja tu. Kwa hesabu hiyo umbali anaopiga kafi kwa mwezi, kwa Mtondooni pekee, ni kilomita 68.

Siku ile ile alichukua makohozi ya wale watano wengine. Wanne walikuwa hawana ugonjwa. Hussen alikuwa nao. Alikaa nyumbani Songo Mnara miezi miwili ya kwanza ya dawa, na bamvua hili ndilo la kwanza kwake kurudi mwambani.

"Mimi ndiye niliyesema nimerogwa," anasema Hussen, ambaye naye hana shida ya kutajwa. "Nikaambiwa hapana, umeugua. Nikasema afadhali. Ugonjwa una vidonge."

Mistari ya mkaa ya Mudathiri kwenye ubao wa mashua, kuanzia siku ya kopo, ni 79. Monika anaihesabu mwenyewe, kwa kidole, mara mbili. Kisha analinganisha na daftari. Hesabu zinakubaliana.

Anampa Mudathiri kikopo na kumpeleka upande wa upepo, mbali na vibanda. Mudathiri anavuta pumzi, anakohoa, anatikisa kichwa. Hana makohozi.

"Vuta tena. Toka chini kabisa."

"Dada, kifua kimekauka. Si ndiyo tulichokitaka?"

"Tulichokitaka kitasemwa na maabara. Wewe na mimi hatusemi. Vuta."

Inawachukua karibu nusu saa. Kinachopatikana ni kidogo, lakini kinatosha. Monika anafunga kifuniko, anaandika jina na saa, anatia kikopo ndani ya boksi. Barafu bado nusu.

Saa sita mchana mwamba umeanza kufunikwa, na wanaume wanapanda mchangani na kugawa. Monika anaburuta kayaki hadi kwenye maji, anainama kukumba yaliyoingia, na kwa mazoea anatupa jicho kwenye mafungu. Anahesabu. Anahesabu tena.

"Hili la nani?" Sadick anagusa.

"La chombo," anajibu Mudathiri, ambaye leo ndiye aliyegeuza mgongo.

"Na hili la nane?"

"La Ndizi."

Kituo kinamkataza mhudumu kupokea chochote kutoka kwa mgonjwa, na Monika hajawahi kupokea hata nazi. Anawaambia hivyo tena.

"Nani kakupa wewe?" nahodha Rashidi anamkatiza. "Tumekipa chombo. Tunakuona toka Ramadhani unakumba maji kama unapika mchuzi. Ukizama njiani, huyu Hussen atamezeshwa na nani?"

"Na wewe, nahodha."

"Mimi natunza kopo. Anayelijaza ni nani?"

Monika anasimama na galoni mkononi. Halafu anafungua kamba ya mbele ya kayaki, na Sadick anafungia pweza watatu hapo.

Maji yanayojaa yanamrudisha. Anavuka mlango wa mkondo saa nane na nusu, na saa kumi kasoro robo anafika Masoko. Kikopo kinapokelewa maabara saa kumi na dakika ishirini. Pweza wanabaki kwa Batuli, ambaye anawapima, analipa, na kuuliza tangu lini Wamakonde wamekuwa wavuvi. Pesa inakwenda moja kwa moja kwa fundi wa kuziba ndoo na beseni za plastiki, na Monika anaandika kwenye daftari lake: *Fungu la chombo. Ufa wa nyuma.* Kesho yake, Alhamisi, kutwa nzima kayaki inalala kifudifudi kwa fundi.

Ijumaa saa tano asubuhi anaitwa maabara. Karatasi ina mstari mmoja wa maana: vimelea havikuonekana.

Anausoma akiwa amesimama. Anaomba muhuri, kwa sababu karatasi haikuwa na muhuri. Kisha anaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa nailoni.

Mtondooni hakuna mtandao wa simu. Boti ya samaki itapita huko Jumamosi, na Batuli anashauri nahodha wake apewe salamu azifikishe.

"Jibu la mgonjwa halipakiwi na barafu ya samaki," anasema Monika. "Bamvua linakuja Alhamisi ya wiki baada ya ijayo. Nina dozi za Hussen za kupeleka. Nitakwenda nalo mwenyewe."

Kwa hiyo kwa siku kumi na tatu zijazo Mudathiri atakuwa mzima bila kujua. Monika naye ana kazi ya kufanya katika siku hizo. Madago matatu mengine bado yanatunza vidonge mifukoni mwa wagonjwa wenyewe, na anataka kuzungumza na kila nahodha kuhusu kopo la chombo. Mmoja wao amekwishamtumia ujumbe kwamba hataki kufundishwa uvuvi na mtu wa Newala.

"Atanitania, nitakaa. Wakati wa kugawa ukifika, nitauliza la saba ni la nani," anasema.

Anapitisha kidole kwenye kiraka kipya, anabonyeza kingo zake, anatikisa kichwa kukubali. Na Alhamisi hiyo, akifika Mtondooni, ataanzaje?

"Nitamwita Mudathiri kando, nimwambie peke yake kwanza. Hiyo ni haki yake," anasema. "Baada ya hapo akitaka awagawie wenzake. Hilo sasa ndilo la kugawa."